Louvre: anza na kasri, Mona Lisa atasubiri

Wageni wengi wa Louvre, kasri la zamani la Paris ambalo sasa ni jumba la makumbusho, hushuka chini ya piramidi ya kioo na kufuata vibao vya Mona Lisa moja kwa moja. Mwisho wa safari wanakuta picha ya sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, na msitu wa simu zilizoinuliwa. Wakigeuka nyuma wangeona Karamu ya Kana, picha ya mchoraji Veronese, karibu mita 7 kwa 10. Hawageuki.

Mimi naona njia hiyo ni ya kupoteza asubuhi. Kata mtandaoni tiketi ya saa 3 asubuhi (Jumanne pamefungwa), kisha shika upande wa Sully, mmoja wa pande tatu za jumba (nyingine ni Richelieu na Denon), ghorofa ya -1. Hapo unatembea ndani ya handaki la ngome aliyoijenga mfalme Philippe Auguste mwishoni mwa karne ya 12. Sogea ukutani: mafundi waashi wamechora alama zao kwenye mawe, nyingine zina umbo la moyo. Panda ghorofa ya 0, ukumbi wa Cariatides. Ulikuwa ukumbi wa dansi wa mfalme. Roshani ya wapiga muziki imebebwa na wanawake wanne wa mawe, kazi ya Jean Goujon, 1550.

Kinachowachosha watu ni ramani ya jumba lenyewe. Kasri halikujengwa kwa umati. Vyumba vinafuatana mlango kwa mlango bila ujia wa pembeni, kwa hiyo ukikosea unapita tena vyumba kumi ulivyokwisha kuviona. Ngazi nazo ni nyingi, hivyo mwenye kigari cha mtoto apange lifti mapema. Angalia pia ratiba ya kumbi zinazofungwa siku hiyo. Hakuna uchungu kama kufika mlangoni ukakuta kamba.

Juu, upande wa Richelieu, kuna vyumba vya Napoleon III, mahameli mekundu na vinara vizito. Hadi 1989 hilo lilikuwa jengo la Wizara ya Fedha, na sijui nani alifanya hesabu kwa utulivu chini ya dhahabu yote ile.

Denon, upande wa Mona Lisa, iache kwa Jumatano au Ijumaa jioni, kunapofungwa saa 3 usiku. Ukitoka, tazama magharibi: upande huo umebaki wazi kwa sababu kasri la Tuileries, lililokuwa likiufunga, lilichomwa moto mwaka 1871.