Wanda ni mchawi tu?

Mwaka 2022, kwenye kibanda umiza kimoja hapa Mwanjelwa, Mbeya, tulitazama Doctor Strange in the Multiverse of Madness, filamu ya mashujaa wa Marvel. Wanda, mwanamke mwenye nguvu za ajabu kwenye filamu hiyo, alipoanza kuua, jirani yangu kwenye benchi akasema, "Huyu mama ni mchawi tu," na kibanda kizima kikakubali. Mmoja alipouliza watoto anaowatafuta kwa udi na uvumba wametoka wapi, kijana mmoja akamjibu kwamba asiyejua asilalamike, akatafute tamthilia.

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na naona linamwonea muulizaji.

Ni kweli filamu inaligusa suala la watoto kwa sentensi chache. Lakini kilio chenyewe kimo kwenye WandaVision, tamthilia ya sehemu tisa iliyotoka mwanzoni mwa 2021 kwenye Disney+, huduma ambayo wakati huo haikuwa ikiuzwa Tanzania. Humo ndimo Wanda anapomlilia Vision, mume wake, anaufunika mji mzima kwa nguvu zake, anapata mapacha, kisha anawapoteza.

Siwapingi wanaoitawanya hadithi moja kwenye filamu, tamthilia na gemu. Msiba wa namna ile unahitaji muda, na saa mbili za filamu zisingetosha. Mwaka 2003 watengenezaji wa The Matrix walijaribu jambo kubwa zaidi: katuni fupi ikaonyesha merikebu iitwayo Osiris ikituma onyo la mwisho, mchezaji wa gemu akatumwa kulichukua onyo hilo, na filamu ya pili ikaanza watu wakiwa tayari wanalijadili. Aliyepitia vyote vitatu alipata raha ya kuunganisha mwenyewe. Henry Jenkins, msomi wa Marekani aliyeuchambua mtindo huu, aliusifu, ila akasisitiza kwamba kila kipande kijitosheleze, mtu aweze kuingilia popote.

Sharti hilo ndilo linalosahaulika, na anayeumia kwanza ni mtu wa benchi. Tazama kibanda kinavyojiendesha. Mwenye kibanda anauza kiti kwa onyesho moja. Jumamosi na Jumapili ni mpira, hakuna mjadala. Jioni zilizobaki anaweka muvi inayoanza na kuisha, kwa sababu mteja wa leo huenda kesho yuko Uyole au shambani. Tamthilia ya sehemu tisa aiweke lini? Nani atalipa mara tisa? Na filamu ile ilikuwa ya 28 katika mfululizo wa Marvel tangu Iron Man ya 2008. Ishirini na nane! Hapo sijahesabu tamthilia. Kijana aliyejibu kwa ukali ana simu, ana bando, ana chumba chenye umeme. Wa benchi ana jioni moja na nauli ya kurudi nyumbani. Kumwambia akatafute ni kumwambia hadithi hii si yake.

Huku Nyanda za Juu Kusini tunayo hadithi iliyotawanyika kuliko hizo zote, nayo haimfungii mtu nje. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, yuko kwenye vitabu vya shule. Yuko Lugalo kando ya barabara kuu, kwenye mnara wa vita vya Agosti 1891 ambamo Zelewski, kamanda wa Wajerumani, aliuawa. Yuko Kalenga, ambako fuvu lililorudishwa mwaka 1954 linatunzwa. Abiria wa basi anayeuona mnara tu anaambiwa na jirani yake kwamba hapa Wahehe waliwashinda Wajerumani, na hilo peke yake ni hadithi nzima. Akifika Kalenga siku nyingine, kile alichokijua kinaongezeka uzito. Hakuna anayemcheka kwa kuanzia Lugalo.

Filamu ile ya Wanda niliiona tena baadaye, safari hii ikiwa imetafsiriwa. Mtafsiri hakusubiri. Mapema kabisa, kabla Wanda hajamgusa mtu, alipenyeza maneno yake: huyu mama alimpoteza mume, akapata watoto wawili kwa nguvu zake, nao wakamtoka, sasa anawasaka katika ulimwengu mwingine. Haikuchukua hata dakika. Safari hii watu walibishana kama mama aliyefiwa vile ana haki ya kwenda kuchukua watoto wa mwenzake, na ubishi ukaendelea hadi tulipotoka nje. Dakika ile ilipaswa kuwa kazi ya wenye filamu.