Tairi Moja kwa Wote, Mshindi Yule Yule

Kila Safari Rally inapokaribia, mashabiki wa Nairobi hurudia ubishi uleule: je, kuwalazimisha wote watumie tairi za kampuni moja kunachochea ushindani au kunauzima? Magari ya daraja la juu yalitumia Pirelli tangu mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 hadi 2024, kisha Hankook mwaka 2025. Katika miaka hiyo mitano yote alishinda dereva wa Toyota. Mwaka 2022 na 2023 kampuni hiyo ilizoa nafasi zote nne za kwanza.

Wapinzani wa sheria hii wameshika pazuri. Tairi zikiwa sawa, pesa huhamia kwenye shoki, springi na majaribio. Pale Kasarani, mbele ya umati, tofauti hiyo haionekani. Ngoja wafike Kedong, kule Naivasha, kwenye vumbi laini kama unga linaloficha mawe. Gari linaruhusiwa kubeba magurudumu mawili tu ya akiba. Dereva akipata pancha mbili mapema, asubuhi yote iliyobaki anaendesha kwa woga. Akibeba moja ili gari liwe jepesi, anacheza kamari. Mwenye shoki bora huthubutu zaidi, ingawa tairi ni zilezile.

Hata hivyo, wanaotamani vita vya kampuni za tairi wakumbuke Formula 1 ya 2005. Kule Indianapolis, tairi za Michelin hazikuaminika kwenye kona ya kasi yenye mwinamo. Magari 14 yakarudi gereji kabla ya mbio kuanza, yakabaki sita ya Bridgestone. Ferrari ikashinda, na huo ndio ushindi wake pekee msimu mzima! Yaani uamuzi ulitoka kiwandani, si kwenye usukani.

Sheria za kulazimisha burudani nazo sizipendi. Kwenye Formula 1 ya Monaco 2025 kila dereva alitakiwa kubadilisha tairi angalau mara mbili, na baadhi wakajikokota makusudi, wakiwazuia walio nyuma, ili wenzao wa timu wapate nafasi ya kuingia pit, yaani pale tairi zinapobadilishwa.

Kwangu mimi, tairi moja ibaki, ila tusiambiwe kwamba inasawazisha magari. Chenye uwezo huo zaidi ni bei. Kanuni za 2027 za ubingwa wa dunia wa rally zinaweka ukomo wa yuro 345,000 kwa gari, nafuu kwa viwanda, lakini bado ni mlima kwa timu binafsi ya Nairobi.