Degedege Likishatulia

Usiku ule mtoto wa mama mdogo aliposhikwa na degedege, kule kwetu Muheza, aliyeitwa kwanza ni bibi. Akaja na mavi ya tembo ya kumfukizia. Aliyatoa wapi sijui mpaka leo, maana tembo hapiti kwetu. Mtoto kakakamaa, macho yamepinduka, mikono inaruka. Mama mdogo kila akitaja hospitali, bibi anamkata kauli: "Mwanangu, mwenye degedege hachomwi sindano. Utamuua." Baiskeli ya kumpeleka hospitali ilipatikana alfajiri. Kufika jioni ya siku ya pili likatulia, mtoto akanywa uji, tukasema kapona.

Simcheki bibi. Kwa wazee wa pwani, jina lenyewe lina ndege ndani yake, kiumbe cha usiku kinachompitia mtoto juu. Mwaka 1996 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu namna watu wa wilaya ya Bagamoyo wanavyolitibu degedege, na nawaheshimu kwa jambo moja: walilichukua neno kama wenyewe wanavyolisema. Watu wa pwani malaria waliijua sana. Kwao ilikuwa homa, unameza vidonge inashuka. Kukakamaa kwa mtoto kulikuwa kitu kingine kabisa, chenye waganga wake. Kumbe huweza kuwa malaria ile ile, iliyofika ubongoni.

Ila kosa la bibi, la kutazama mtikisiko tu, hata madaktari wamewahi kulikaribia. Kilifi, ng'ambo ya mpaka hapo, watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likachomwa sindano ya fenobabitoni kuzuia degedege, jingine likapewa sindano isiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Degedege lilipungua kweli, lakini kwenye kundi la dawa walikufa watoto 30, kwenye lile jingine 14. Wengine walikoma kupumua. Mwili umetulia, mtoto ameondoka. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliifunga simu nikatoka nje.

Maana shughuli yenyewe iko ndani. Vimelea vikishaingia kwenye chembe nyekundu za damu, chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na damu haipiti vizuri. Kule Blantyre, Malawi, watoto waliwekwa kwenye mashine ya sumaku ya kupigia picha za ubongo. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa kati ya watoto 25 waliofariki, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya sana. Na fuvu halitanuki.

Hata sisi Tanga tumo kwenye habari hii. Jaribio kubwa lililoiondoa kwinini kwenye matibabu ya malaria kali kwa watoto wa Afrika lilihusu watoto 5,425 katika nchi tisa, na Muheza na Korogwe zilikuwemo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, wa atesunati, dawa iliyochukua nafasi yake, asilimia 8.5. Nikipita barabara ya Segera huwa nawaambia abiria wenzangu, hata wasioniuliza.

Kinachoniudhi ni baada ya hapo. Mtoto akitoka wodini akiwa hai, hesabu inafungwa. Utafiti mwingine wa Blantyre, wa mwaka 2010, uliwafuatilia walionusurika malaria ya ubongo: karibu theluthi walibaki na kifafa, ulemavu au tabia zilizobadilika. Huyu ndugu yangu aliyekuwa akihesabu mpaka mia alirudi shule hafiki ishirini. Mwalimu akaona ni uvivu, fimbo zikafuata. Darasa la tatu akaanza kuganda katikati ya sentensi, anautazama ukuta, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Majirani wakasema ana jini. Hospitali ilikuwa imeandika "amepona" kwenye daftari lake, bila tarehe ya kurudi.

Kilipokuja kutambuliwa kuwa ni kifafa alikuwa na miaka kumi na minne. Alipewa vidonge vya bei ndogo. Fenobabitoni! Ile ile.

Nataka tarehe tu. Kadi ya kliniki ipo, na mama mwenye mtoto mdogo anakwenda kupima uzito kila mwezi. Iandikwe pale kwamba huyu aliugua malaria ya ubongo, na muuguzi amuulize mama: anaganda? Anasahau aliyokuwa akiyajua? Kabadilika tabia? Najua wauguzi ni wachache na foleni inafika nje, lakini maswali hayo hayazidi dakika mbili. Chanjo za malaria zilizojaribiwa Bagamoyo na Korogwe zitawapunguza wagonjwa wapya. Hawa walioko madarasani tayari haziwarudishii kitu.

Siku hizi anauza viatu vya mitumba soko la Mgandini, vidonge viko mfuko wa shati. Mama mdogo ukimuuliza ugonjwa ulianza lini, anakutajia darasa la tatu. Lile degedege, anasema, liliisha siku ya pili yake.