Mama mkwe alinisalimia nikiwa ndani ya injini

Kwa kuwa rafiki yangu wa Katuba amekwisha kuwasimulia kwamba "nilimezwa na motokari", acheni niseme mwenyewe. Kwanza, sikulia. Lilikuwa jasho.

Vichwa vya batri vilikuwa vimeota unga mweupe, nikavifungua nivioshe na maji ya moto. Wakati wa kufunga, ekru ya 10 (nati, kwa ninyi wa Dar) ikateleza vidoleni. Ting. Ting. Kimya. Ina maana haikufika chini. Imekaa juu ya lile bati la kukinga injini, inanicheka.

Nikatoa sumaku kwenye bafle (spika) iliyokufa, nikaifunga kamba, nikaanza kuvua. Ikashika chasi, ikashika demareri (starta), ikashika kila chuma isipokuwa ekru. Nusu saa nzima! Rafiki, amekalia bidoni (dumu) anakula karanga, ndipo anauliza: "Ndugu yangu, ile ekru si ilikuwa ya njano?"

Ya njano. Shaba na zinki. Sumaku haina habari nayo. Mimi, mtoto wa Lubumbashi, babu yangu amezeekea kwenye tanuru la shaba, navua shaba kwa sumaku! Chekeni, nawasubiri.

Basi nikatia mkono. Ukaingia hadi kupita kiwiko. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, nikaisukuma mbali zaidi. Kuvuta mkono, umegoma.

Niko hivyo, shavu juu ya filta ya hewa, nimesimamia vidole vya miguu, makalio yanatazama barabara, nasikia kandambili zinakuja. Zikasimama nyuma yangu.

"Hodi, baba."

Mama mkwe. Kutoka Likasi, bila hata kupiga simu.

Kwetu mkwe unamsalimia ukiinama kidogo, kwa heshima. Kuinama nilikuwa nimeinama, ila upande ndio haukuwa wenyewe.

"Jambo, mama," nikaiambia injini.

"Jambo, baba. Watoto hawajambo?"

Akauliza habari za watoto, mmoja mmoja. Ninao watano. Nikajibu wote watano. Rafiki akaacha kutafuna.

Mawese aliyaleta mama mkwe mwenyewe, akanimiminia begani. Mkono ukatoka mwekundu. Mtoto wa jirani akalala chini ya motokari na kijiti chenye bazoka (ubani wa kutafuna), ekru ikatoka, faranga 2,000 zangu zikatoka, kwisha.

Jioni nikamwambia mama nitampeleka kwenye basi.

"Asante, baba. Nitapanda taksi. Wewe pumzisha mkono."