Waigaji wawili wa Amerika: spishi moja au mbili?

Mwigaji wa kaskazini (Mimus polyglottos) akiwa ametua kwenye waya wa umeme huko Texas, ni ndege wa kijivu tu mwenye mkia mrefu. Akiruka, ndipo mabaka meupe ya mabawa yanapochomoza. Ndugu yake wa tropiki (Mimus gilvus), anayepatikana kuanzia kusini mwa Mexico hadi Brazil na kwenye visiwa vya Antili Ndogo, ni wa kijivu vilevile, ila mabaka hayo hana. Bawani ana vistari vyembamba vyeupe tu.

Wapo wanaowahesabu kuwa spishi moja, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kwenye shingo ya nchi ya Tehuantepec, Mexico, wawili hao hukutana na machotara wameonekana. Ndege wakishakubaliana kuzaa, binadamu anawatenganisha kwa kigezo gani?

Wapinzani wao hukimbilia sauti. Wa kaskazini huiga ndege wengine, vyura, hata king'ora cha gari, na dume mmoja anaweza kuwa na nyimbo zipatazo 200. Wa tropiki huiga mara chache mno. Mimi hoja hii hainitoshi, maana nyimbo nyingi za mwigaji ni za kujifunza, hazirithiwi kama manyoya.

Mabawa nayo yana kisa chake. Wa kaskazini akiwinda kwenye nyasi hukimbia hatua chache, husimama, kisha huyainua mabawa kwa vituo, kama mtu anayefungua mwavuli uliokwama. Wengi walieleza kwamba weupe ule huwashtua wadudu wakatoka mafichoni. Sasa mbona wa tropiki, asiye na mabaka, hufanya vivyo hivyo? Maelezo hayo hayatoshi, na tabia yenyewe inawaunganisha zaidi kuliko kuwatenga.

Hata hivyo niko upande wa spishi mbili. Maisha ya nyumbani yanatofautiana: kwa wa tropiki, makinda waliokua huweza kubaki na wazazi wakawasaidia kulisha wadogo zao, jambo ambalo si desturi ya wa kaskazini. Zaidi ya hapo, uchotara haujawayeyusha: ukitoka eneo la mpaka, wa Texas bado ana mabaka yake na wa Venezuela bado hana. Eneo la machotara likianza kutanuka kizazi hadi kizazi, nitahamia upande wa pili.