Bora Kuitwa Kikojozi

Asubuhi nilipolitoa godoro nje na kuliegemeza ukutani lipigwe jua, mtoto wa jirani, wa miaka mitano hivi, alisimama akalitazama. Akanitazama mimi. Akalitazama tena. Kisha akauliza kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu: "Anko, kumbe na wewe unakojoa?"

Ningeweza kusema ukweli, kwamba nyumbani kwangu kuna kunguni. Nikapima haraka haraka.

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu. "Jana usingizi ulinizidi."

Yote yalianza wiki tatu nyuma. Nilikuwa naamka na vipele shingoni na mikononi, vitatu vitatu, vimejipanga mstari kama mtu kanigonga mhuri. Nikawalaumu mbu. Nikatundika chandarua, nikachomekea kingo zote chini ya godoro hata upepo usipate pa kupita. Kumbe nimejifungia ndani na walaji wangu. Usiku ule walinila kwa raha zao, bila hata mbu wa kuwabughudhi.

Mke wangu, tunayelala naye kitanda kimoja, hakuwa na kipele hata cha dawa. "Mbona mimi siumwi?" akauliza. Nikakosa jibu. Baadaye ndiyo nikajua kuna watu wanang'atwa usiku kucha na ngozi zao hazioneshi kitu, lakini wakati ule nilionekana mgonjwa wa mawazo. Akanishauri nibadilishe sabuni. Nikabadilisha. Walaji hawakulalamika.

Usiku mmoja, saa tisa, uvumilivu ukanishinda. Nikawasha tochi, nikafunua shuka, nikaukunjua mshono wa godoro. Nikakuta vidoadoa vyeusi, kama mtu alikuwa anajaribu kalamu ya wino. Pembeni yake vijiyai vyeupe vidogo kuliko kichwa cha pini, na maganda ya rangi ya chai waliyojivua. Na katikati ya mali yote hiyo, bwana mmoja mnene wa rangi ya damu ya mzee, hamzidi dengu kwa ukubwa. Tukatazamana. Akatimua mbio za ajabu kwa mtu mwenye tumbo lile, tumbo ambalo mafuta yake yote nilijaza mimi. Nikamwahi kwa kandambili. Harufu iliyotoka, we acha tu.

"Amka," nikamwambia mke wangu. "Sabuni yako hii hapa."

Akaangalia mara moja. Na yule asiyeumwa wiki tatu nzima akajikuna mpaka alfajiri.

Palipokucha nikamaliza kopo zima la dawa ya kupuliza. Sikushauri. Waliokuwa hadharani walikufa, wenzao wakatawanyika kwenye nyufa za ukuta na matundu ya kitanda, na mayai hayakushtuka. Ndipo nikatoa godoro juani, nikaupata ukikojozi wangu. Jua nalo likanidanganya: nikigeuza godoro, wao wanahamia upande wa kivuli. Tulizungushana hivyo mpaka jioni.

Usiku nikasalimu amri, nikaenda kulala sebuleni kwenye kochi. Kochi zuri, la mtumba, nililonunua mwezi mmoja kabla na kujisifu kwamba nimelipata kwa bei ya bure. Asubuhi nikaamka uso umevimba kama andazi. Na bado, msinicheke, sikuunganisha mambo. Nilidhani wamenifuata.

Mchana mama mkwe akaingia bila taarifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Uso umefanyaje?"

"Mbu, mama."

Akaliangalia godoro kule nje. Akaniangalia. "Humu ndani kimeingia nini kipya?"

"Hakuna, mama. Labda hilo kochi tu."

Hakusema neno. Alilipindua miguu juu, akaomba kisu, akakipasua kile kitambaa cheusi cha chini. Sitaeleza sana, wengine mnasoma huku mnakula. Niseme tu kwamba kila kiungo cha mbao na kila tundu la skrubu lilikuwa na wapangaji, babu mpaka vitukuu.

"Mwanangu," akasema, "hukununua kochi. Umenunua ukoo."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu nilikilipia hadi usafiri.

Kuanzia hapo mama mkwe akawa kamanda. Shuka, mapazia na nguo zote zikafuliwa kwa maji ya moto, maana joto likivuka nyuzi 50 hasalimiki mzazi wala yai. Visivyofulika vikapigwa pasi kwenye mishono. Nyufa zikazibwa, kitanda kikasogezwa mbali na ukuta, kila mguu ukakaa ndani ya kopo la maji ya sabuni. Usiku wa kwanza niliamka kwenda msalani, nikatumbukiza mguu koponi, nikaanguka na kitasa cha mlango mkononi. Mama mkwe akatoka mbio chumbani kashika kandambili, akiuliza, "Yuko wapi?" Mtu wa dawa naye alikuja, na baada ya wiki mbili akarudi kuwasubiri waliokuwa mayai. Nilikuwa nimependekeza tuhame kwa muda wafe njaa. Akacheka, akaniambia hao wanakaa miezi bila kula.

Likabaki kochi. Mimi nilitaka nilitupe usiku, kimya kimya. Mama mkwe akakataa: atakuja mtu aliokote, apeleke ukoo kwake. Akanipa rangi na brashi. Basi nikaandika, herufi kubwa, mkono unatetemeka: LINA KUNGUNI. Nikaliweka nje, nikafunga mlango na mapazia, nikangoja aibu.

Siku nzima watu walipita, wakasoma, hawakusema kitu.

Kesho yake asubuhi nikachungulia dirishani. Magodoro manne yalikuwa yameegemezwa kwenye kuta za majirani, na yule mtoto, ambaye kusoma bado, amesimama katikati ya njia ameshika kiuno.

"Anko!" akaniita. "Njoo uone! Kumbe wote wanakojoa!"