Losheni ya jua hapa Uganda ni ya nani?

"Sisi weusi jua litatufanya nini?" Swali hili hulisikia sana madukani Kampala, na lina hoja. Melanini, rangi asilia ya ngozi, huzuia mionzi mingi ya jua ya urujuanimno (UV): kwa kipimo cha SPF, kile cha kinga kiandikwacho kwenye chupa za losheni, maabara ilikadiria kinga ya ngozi nyeusi kuwa karibu 13, ya ngozi nyeupe karibu 3. Hata melanoma, saratani kali ya ngozi, ikimpata mtu mweusi mara nyingi huanzia nyayoni au chini ya kucha, ambako jua halifiki. Mwendesha boda anayehesabu shilingi simhimizi anunue chupa ya losheni.

Mwenye madoa usoni ni habari nyingine. Mwanga wa kawaida tunaouona pia huyakoleza, na losheni nyingi hazizuii mwanga huo. Atafute yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi za chuma.

Wapo wanaoogopa kemikali za losheni. Mwaka 2019 na 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba avobenzoni na oksibenzoni, kemikali mbili za kuzuia jua, hupenya ngozi hadi damuni. Kupenya hakujathibitisha madhara, lakini mwenye hofu ana losheni ya oksidi ya zinki, unga mweupe wa madini ambao karibu wote hubaki juu ya ngozi. Ubaya wake ni kumwacha mtu mweusi na uso kama uliopakwa majivu.

Wazungu wanaotaka weusi bila kuota jua hupaka sukari iitwayo dihidroksiasetoni. Hushikana na protini za seli zilizokufa juu ya ngozi na kuzigeuza kahawia, karibu kama chapati inavyoiva kikaangoni. Baada ya wiki hivi seli hupukutika na rangi huondoka nazo. Kwa kuwa si melanini, kinga yake ni ndogo mno. Mwenye rangi hiyo bado huungua.

Asiye na melanini ya kutosha, mtu mwenye ualbino, ndiye ninayemfikiria katika mjadala huu wote. Kayabwe, barabara ya Masaka, mstari wa ikweta unapita hapo hapo na jua ni kali mwaka mzima. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu ndiyo kinga ya kwanza. Uso, shingo na migongo ya viganja vinabaki wazi, navyo vinataka losheni kila baada ya saa mbili. Kuupaka mwili wa mtu mzima mara moja huhitaji kama mililita 30. Kwa hiyo naona chupa hizi zitolewe bure kliniki, kama vyandarua. Nimemwona mama akiminya tone moja tu, akampaka mwanawe puani na masikioni, kisha akafunga kifuniko haraka ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka.